Saa ya Thamani: Kijana Anunue au Asinunue?

Kijana akisha kupata kazi na kupokea mishahara yake ya kwanza, akawasaidia wazee wake na kulipa madeni yake madogo madogo, hutokea siku akasimama mbele ya kioo cha duka la saa, akaona saa moja imelazwa juu ya mahameli, na moyo wake ukaipenda. Huuliza bei. Akisha kuambiwa huondoka kimya, lakini saa ile haiondoki katika fikira zake. Huwauliza rafiki zake, nao wamegawanyika: huyu amwambia kwamba mwanamume hujulikana kwa saa na viatu, na yule amwambia kwamba fedha hizo ni za mahari au za kiwanja. Akirudi nyumbani kutaka shauri, mzee wake humjibu kwa neno moja tu, "Israfu," na mazungumzo yakaishia hapo.

Sisi twaona kwamba jibu hilo la mzee, ijapokuwa limetoka katika moyo wa huruma, halitoshi. Israfu haipimwi kwa bei peke yake. Nyumba moja huweza kufanya israfu kwa shilingi elfu, na nyingine isifanye israfu kwa shilingi laki, kwa kadiri ya mali iliyopo na haki zinazoidai mali hiyo. Tena kijana aliyekatazwa bila ya kuelezwa huenda akainunua saa hiyo kwa siri, au kwa mkopo wa riba, au akanunua ya bandia ili afanane na walionunua ya kweli. Kila moja katika hayo ni baya kuliko lile aliloliogopa mzee wake.

Basi kwanza na tujue ni kitu gani hasa kinachouzwa.

Saa ya fahari haiuzwi kwa sababu yajua wakati kuliko saa nyingine. Hili twalitanguliza kwa kuwa wauzaji hawana haja ya kulitaja. Ndani ya saa ya kamani, yaani saa isiyotumia betri, mna utepe mwembamba wa chuma uliozongwa. Utepe huo hufunguka polepole na kuyazungusha magurudumu, na gurudumu dogo la mizani hucheza huku na huku ili kuyazuia yasikimbie. Katika saa nyingi za namna hiyo zitengenezwazo siku hizi, mapigo huwa 8 kwa kila sekunde moja, yaani 28,800 kwa saa nzima. Ni kazi ya ajabu iliyofanywa kwa vyuma vidogo ambavyo jicho tupu halivioni sawasawa. Walakini shirika la Uswisi lenye kuzipima mashine hizo na kuzipa cheti cha ubora huziruhusu kuchelewa sekunde 4 au kutangulia sekunde 6 kwa siku, kwa wastani. Saa yenye cheti hicho ikitangulia sekunde 6 kila siku, baada ya mwezi imetangulia dakika 3, wala mwenyewe hana haki ya kulalamika.

Saa ya betri mambo yake ni mengine. Ndani yake mna kijiwe cha kwatzi ambacho kikipitishiwa umeme hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde moja. Mashine huigawa hesabu hiyo kwa mbili mara 15, ikabaki 1, nayo ndiyo sekunde inayoonekana usoni mwa saa. Ile saa ya plastiki ya Casio iitwayo F-91W, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989 na ambayo karibu kila mtaa una mwenye kuivaa, kiwango chake ni kukosa sekunde 30 tu kwa mwezi mzima. Basi anayetaka saa ya kumjulisha nyakati za Sala, na kumfikisha kazini kabla ya bwana wake, na kumwamsha kula daku, saa hiyo yamtosha, na bei yake haimlazimishi kumwuliza mtu shauri.

Hata Waswisi wenyewe walilipata somo hili kwa uchungu. Tarehe 25 Desemba 1969, kampuni ya Seiko ya Japani ilitoa saa ya mkono ya kwanza duniani yenye kijiwe cha kwatzi, iitwayo Astron. Bei yake ilikuwa yen 450,000, sawa na bei ya motakaa ndogo kwa siku zile. Kwa hiyo ilikuwako siku ambapo saa ya betri ndiyo iliyokuwa ya matajiri! Kisha bei ikashuka upesi, na karahana za Uswisi zikaanza kufungwa moja baada ya moja. Wafanya kazi wa saa katika nchi hiyo walikuwa kiasi cha 90,000 mwaka 1970, na baada ya miaka kama kumi na mitano walikuwa wamebaki kiasi cha 30,000. Waliosalimika hawakusalimika kwa kushindana na betri katika kuhesabu sekunde. Walisalimika kwa kuwafundisha watu kwamba saa ya kamani ni pambo, na urithi, na alama ya mtu aliyefika. Tangu hapo jina la bidhaa limebaki lile lile, lakini kinachonunuliwa ni kitu kingine.

Mwenye kufahamu sana jambo hili kabla ya wenziwe alikuwa Hans Wilsdorf, mwanzilishi wa Rolex. Alizaliwa mwaka 1881 katika mji wa Kulmbach, Ujerumani, akawa yatima angali mtoto. Mwaka 1905 alifungua biashara ya saa mjini London pamoja na shemeji yake, na mwaka 1908 akaliandikisha jina la Rolex, neno fupi ambalo kila ulimi waweza kulitamka. Mwaka 1926 akatoa saa isiyoingia maji. Mwaka uliofuata, mwanamke mmoja Mwingereza, Mercedes Gleitze, alijitosa kuogelea mlango wa bahari uliopo baina ya Uingereza na Ufaransa, na saa hiyo imefungwa shingoni mwake. Siku ile hakufika ng'ambo, kwani baridi ya maji ilimshinda baada ya saa zaidi ya kumi, akapandishwa chomboni. Lakini saa ilitoka inakwenda, na mwezi uliofuata Wilsdorf alilipia ukurasa mzima wa mbele wa gazeti la Daily Mail kuutangazia ulimwengu habari hiyo. Mwogeleaji alishindwa, saa ikashinda! Tangu siku hizo hadithi huuzwa pamoja na chuma. Na tuseme la haki pia: mtu huyu hakuwa na watoto, na mwaka 1945 aliweka taasisi mfano wa wakfu, ambayo ndiyo inayoimiliki kampuni hiyo tangu alipofariki mwaka 1960.

Hatuyaelezi haya ili kuidharau kazi ya mafundi. Waislamu si wageni wa sanaa ya saa. Al-Jazari alikamilisha kitabu chake cha mitambo mwaka 1206, na ndani yake mna saa za maji zenye ufundi ambao hata leo wataalamu huuiga na kuutengeneza upya. Na misikiti mikubwa ya Misri na Sham ilikuwa na muwakiti wake, mtu aliyeajiriwa kuchunguza nyakati. Anayependa ufundi na akatoa fedha yake kwa kuupenda hakufanya jambo la ajabu. Twataka tu ajue kwamba alipialo ni ufundi na jina, wala asijidanganye kwamba analipia majira.

Na malipo yenyewe si haba. Saa ya chuma ya Rolex ya wapiga mbizi, Submariner, iliyoanza mwaka 1953, bei yake ya dukani Marekani sasa imepita dola 9,000. Twamshauri kijana asiihesabu bei hiyo kwa dola wala kwa shilingi, bali kwa miezi. Achukue kinachobaki katika mshahara wake baada ya kodi, chakula, nauli, na fedha anazowapelekea wazee, kisha aigawe bei ya saa kwa hicho kilichobaki. Ikiwa jibu ni miezi mitatu, ni shauri moja. Ikiwa ni miaka minne, saa hiyo si yake bado, hata kama ana kipaji cha kujinyima. Tena gharama haikomi dukani. Saa ya kamani, kama chombo cha baharini, hutaka kupandishwa na kutengenezwa kila baada ya miaka kadha: hufunguliwa yote, ikasafishwa, ikatiwa mafuta mapya. Kwa saa za daraja hiyo malipo ya kazi hiyo ni mamia ya dola, na si kila mji wetu una fundi anayestahili kuifungua.

Tuje sasa katika yale yanayotuhusu sisi kwa dini yetu.

Dhahabu ni haramu kwa wanaume kuivaa, nayo ni halali kwa wanawake. Hili halina mabishano. Lakini wengi hawajui kwamba ile iitwayo dhahabu nyeupe ni dhahabu hasa, iliyochanganywa na madini mengine ikapoteza rangi yake ya njano. Dhahabu ya karati 18, iwe nyeupe au ya njano, robo tatu yake ni dhahabu tupu. Mtu aweza kuingia dukani akataka saa ya chuma, akapewa Datejust inayong'aa kama fedha, na ule mviringo wenye mifuo uliouzunguka uso wake ni dhahabu nyeupe. Hata katika saa za chuma kitupu za kampuni hiyo, vile vijiti vya kuonyesha saa hufanywa kwa dhahabu ili visipate kutu. Je, kiasi hicho kidogo chafuata hukumu ya dhahabu nyingi? Swali hili twawaachia masheikh, na kijana amwulize sheikh wake kabla ya kulipa, asimwulize muuzaji. Saa nzuri zisizo na dhahabu ni nyingi, kwa hiyo shida haipo.

Kadhalika ukanda. Kanda za ngozi nyingine zina bitana ya ngozi ya nguruwe, na kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa pwani yetu, ngozi hiyo haitahiriki kwa kudabaghiwa, ilhali ya mamba au ya ng'ombe yatahirika. Ni neno la kuuliza kwa adabu, na jawabu huandikwa mara nyingi ndani ya ukanda wenyewe. Na ukanda wa aina yoyote ukibana, usogezwe wakati wa kutawadha, maji yafike.

Kuna haki nyingine ambayo vijana huisahau. Saa anayoivaa mtu haina Zaka, kwa kuwa si bidhaa ya biashara (tukiiacha saa ya dhahabu ya mwanamume, kwani dhahabu ya haramu hutolewa Zaka ikifika nisabu). Lakini fedha anazoziweka akiba ili kuinunua, zikifika nisabu na zikatimiza mwaka wa Kiislamu mikononi mwake, zina Zaka, shilingi 25 katika kila shilingi 1,000. Aliyekusanya kwa miaka mitatu, akazihesabu kila usiku kwa furaha ya saa yake, wala asitoe kitu, ameingiza haki ya maskini katika mkono wake wa kushoto. Ama kukopa kwa riba kwa ajili ya pambo, hatuoni la kulieleza zaidi.

Baada ya hayo yabaki ya moyoni, nayo ndiyo magumu. Mtume (s.a.w.) alionya juu ya vazi la kutafutia umaarufu. Na yeye huyo huyo alimwona mtu mwenye mali amevaa nguo duni, akamfundisha kwamba neema ya Mwenyezi Mungu ionekane juu yake. Mafundisho haya mawili hayagongani. Mwenye kuyashika yote mawili atavaa kizuri kinacholingana na hali yake, wala hatavaa ili wenziwe wajione wadogo. Na katika habari zake (s.a.w.) imo ile ya guo lenye nakshi alilolivaa katika Sala: alipomaliza aliamuru lipelekwe kwa Abu Jahm, naye aletewe la Abu Jahm lisilo na nakshi, kwa kuwa lile lilimshughulisha. Guo lilikuwa halali, nalo halikuchanwa wala kutupwa. Liliondolewa kwa kuwa lilikuwa likiuita moyo. Twamwomba kijana aipime saa yake kwa habari hiyo. Je, ataweza kuivua penye birika la msikiti akatawadha kwa utulivu, au atatawadha huku jicho li juu ya kibao? Je, ataivaa na kanzu yenye mkono mrefu uifunikao, siku nzima, na bado aifurahie? Akisema ndiyo, sisi tutamwamini kwamba anaipenda saa. Akisema kwamba kuificha ni hasara, basi amekwisha kutuambia alichotaka kununua.

Wako wasemao kwamba saa ya namna hii si matumizi bali ni akiba, kwa kuwa bei yake hupanda. Neno hili limewaponza wengi. Ni kweli kwamba mwaka 2017, mjini New York, saa ya Rolex Daytona iliyokuwa ya mchezaji wa sinema Paul Newman iliuzwa mnadani kwa dola milioni 17.75. Ni kweli pia kwamba saa zenye alama ya jambia, alizoziagiza Sultani Kabusi wa Oman katika miaka ya 1970 na kuwatunuku watu waliomtumikia, leo zagombewa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Na wasomaji wetu wenye jamaa Maskati huenda wamepata kuiona moja mkononi mwa mzee. Lakini tazameni: Newman alipewa na mkewe, na wale wazee walipewa na mfalme wao. Hakuna katika wao aliyekwenda dukani kutafuta faida. Saa nyingi mno hupungua thamani siku ile ile zinapotoka dukani, na hata zile zinazosifiwa, bei zake za mkono wa pili zilipanda kama wazimu hadi mwanzoni mwa mwaka 2022, kisha zikaanguka, na walionunua kileleni wakabaki nazo.

Mama zetu wajua zaidi katika mlango huu. Bangili ya dhahabu huuzwa kwa mizani. Sonara yeyote wa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam ataipima na kutaja bei kabla chai haijapoa. Saa haina mizani. Yataka mnunuzi anayeijua, yataka sanduku lake na karatasi zake, na mnunuzi akifahamu kwamba una mgonjwa hospitali, bei hushuka mbele ya macho yako. Kijana mwenye mke, akitaka akiba, amnunulie mkewe bangili. Akitaka saa, anunue saa, na aiite kwa jina lake.

Za bandia twazitaja kwa ufupi. Anayevaa saa yenye jina la uongo anasema uongo kila anapokunja mkono wa shati, na anayeiuza kwa kuificha hali yake amefanya ghushi. Saa ya Casio iliyo wazi ina heshima kuliko Rolex ya bandia, nasi hatuoni haya kusema kwamba mvaaji wake pia.

Basi anunue au asinunue? Twaona kwamba aliyetimiza haki za walio juu yake, ambaye hana deni lililofika wakati wake, aliyetoa Zaka, na ambaye kesho saa ikipotea atasikitika lakini nyumba yake haitalala njaa, huyo na anunue, wala mtu asimtie dhambini. Tena si lazima aanze na dola 9,000. Ziko saa za kamani za Uswisi na za Japani, imara na za chuma, kwa dola mia kadha, na ufundi ule ule wa gurudumu la mizani umo ndani yake. Aivae mwaka mmoja au miwili. Wengi wakifika hapo hukuta kwamba kiu imekatika. Asiyetimiza hayo na angoje. Saa zitaendelea kutengenezwa. Na ikiwa nyumbani iko saa ya kale ya baba yake, isiyokwenda, imelala katika kasha, asiache mbachao kwa msala upitao: aipeleke kwanza kwa fundi mzee, huenda ikarudi na uhai wake kwa gharama ndogo.

Aliyekwisha kuazimia, anunue mahali panapojulikana. Nambari ya saa ilingane na iliyoandikwa katika cheti, aulize ni nani atakayeitengeneza na wapi, na asikubali kuharakishwa na maneno ya "imebaki moja." Mkewe na ajue bei yake ya kweli. Risiti iandikwe jina lake, iwekwe pamoja na hati nyingine za nyumba; kwa maana siku atakayofariki, saa hiyo itaingia katika mirathi kama kitu kingine chochote chenye thamani. Ile desturi ya mwana wa kwanza kuivua mkononi mwa marehemu na kuivaa yeye, dada zake wakitazama, haina msingi: na ithaminiwe, igawanywe katika hesabu pamoja na nyumba na minazi, isipokuwa warithi wote, nao ni watu wazima, wameridhia kumwachia mmoja wao.